Kamba wa Mgeni Asiyefika

Bakuli lenyewe halikuwa zito, lakini Rwegasira alilibeba kwa taabu, kwa sababu miguu yake ilikuwa imekwisha kazi. Alikuwa amesimama jikoni kwa Bwana tangu alfajiri, na mtu akisimama siku nzima mbele ya jiko la Mzungu, jioni hata jina lake hulisikia kwa mbali. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Udongo wa kijia cha kwenda Kahororo ulishika viatu vyake na kuvirudisha nyuma, naye akawa anavivuta mbele, na kila alipokutana na mtu alilihamishia bakuli mkono wa pili kama mwizi. Hakuiba. Alipewa, tena alipewa kwa hasira.

Bwana alikuwa msimamizi wa kampuni moja ya kununua kahawa, mtu wa makamo aliyechelewa kupata mchumba. Mchumba huyo alikuwa afike Bukoba siku hiyo kwa meli kutoka Uganda, na kwa ajili yake Bwana aliagiza kamba wa pwani waletwe kwa ndege kutoka Mombasa, ndani ya sanduku la barafu na unga wa mbao. Meza ikaandaliwa kwa watu wawili tu. Mishumaa ikawekwa, maua yakawekwa, na Rwegasira akapigiwa pasi kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, maana yeye ndiye angepika na yeye ndiye angesimama nyuma ya kiti cha bibi. Kisha ziwa likachafuka. Meli haikuonekana, na karani wa gatini akaleta habari kwamba labda kesho, labda keshokutwa, hajui.

Bwana aliusikiliza ujumbe huo akiwa amesimama barazani na suti yake mpya. Aliingia ndani, akapiga kiti teke, akamwambia Rwegasira awaondoe wadudu hao mbele ya macho yake, awapeleke akale na watu wake. Rwegasira hakubisha. Angeweza kusema kuwa jokofu la mafuta ya taa lingewahifadhi, lakini ingekuwa uongo, kwa sababu kamba walikwisha kulala kwenye ndimu na vitunguu saumu, na kamba aliyelala kwenye ndimu hamngoji mtu hadi kesho. Nyama yake huanza kujikunja na kukakamaa, na mwisho unatafuna mpira.

Watu wake! Rwegasira alicheka peke yake njiani, kicheko kibovu. Alikuwa na mtu mmoja tu nyumbani, na huyo mmoja alikuwa anaondoka.

Anatolia alimwambia asubuhi ile ile, wakati yeye anafunga kamba za viatu gizani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali kama angepiga kelele. Alisema kesho atapanda lori la kwenda Muleba, atashuka Izigo, atakaa kwenye kibanja chao walichorithi kwa mama yake Rwegasira, apalilie migomba inayokufa kwa magugu. "Kama ni kulala peke yangu na kula peke yangu," alisema, "bora nikalale kule ambako hata migomba inanijua." Binti yao, Alistidia, alikwisha kuolewa Kishanda, kwa hiyo hapakuwa na mtoto wa kumshika mguu. Furushi lilikuwa limefungwa, limeegemea ukuta. Rwegasira alilitazama, akatazama saa ya Bwana ya kunywa chai ilivyokuwa inakaribia, akasema watazungumza jioni. Jioni! Katika miaka yote waliyokaa mjini, hakuna jioni aliyowahi kufika kabla mkewe hajalala.

Alijua vizuri kabisa kuwa Anatolia akipanda lori hilo hatashuka tena mjini. Angekuwa mke wa jina, wa kutumiwa sukari wakati wa Krismasi. Ndiyo maana, uchovu wote ule, aliukaza mwendo. Jua lilikuwa bado lipo, yeye alikuwa njiani kwenda kwake, na mkononi alikuwa na chakula cha kumbembelezea mchumba wa Mzungu. Alipiga moyo konde. Leo angempikia mke wake, kwa mikono yake, kama anavyowapikia wengine.

Anatolia alikuwa uani anamenya ebitoke, ndizi za chakula cha jioni. Alipomwona mumewe anaingia mchana mweupe, kisu kilisimama hewani.

"Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Weka kisu chini. Leo napika mimi."

"Unapika wapi?"

"Hapa hapa."

"Waitu, Baba Alistidia, watu watakuona."

Alisema kweli. Kwa Bwana, mwanamume kupika ni kazi, na kazi haina aibu. Nyumbani ni jambo jingine. Mhaya aliyelelewa vizuri hana shughuli na mafiga, na Rwegasira, mpishi aliyefunzwa kwenye mesi ya maofisa Mombasa wakati wa vita, hajapata kugusa hata kifuniko cha chungu cha mkewe. Alikuwa anarudi na pua imejaa siagi ya watu, anaziacha ndizi zake sahanini, analala. Anatolia alikuwa akikusanya sahani hizo zilizojaa kila asubuhi. Tuseme ukweli, mwanamke akirudishiwa chakula chake miaka na miaka, si lazima apigwe ndipo aondoke.

"Acha wanione," alisema Rwegasira.

Alitoa jiko la mkaa, akaliweka karibu na mlango wa nyuma, akalipepea kwa kipande cha boksi mpaka makaa yakawa mekundu yenye jivu jepesi juu. Moto wa kamba hautaki haraka wala ulimi wa moto. Alichonga vijiti vya matete, akavilowesha ili visiungue. Alisaga pilipili kichaa na chumvi, akakuna tangawizi, akayeyusha kipande cha siagi alichokifunga kwenye jani la mgomba. Mikono ilijua njia yake. Miguu ndiyo iliyokuwa inamlilia, ikabidi ajiegemeze ukutani huku anaandaa, mguu mmoja ukipumzika, halafu mwingine.

Anatolia alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani, hajui aitie wapi. Hakuzoea kukaa wakati kuna moto unawaka. Kitambaa kilichofunika bakuli kilipofunuliwa aliinuka nusu.

"Maawe! Senene!"

"Si senene. Ni kamba. Wanatoka baharini."

"Wana miguu. Wana ndevu. Macho hayo nayaona." Aliinama kuchungulia. "Senene wa Wazungu."

Hapo ndipo kijiti kilipomtoka Rwegasira mkononi kikaangukia mkaani, akakiokoa kwa vidole. Akili ilikuwa imemrudia. Mwezi wenyewe ulikuwa wa senene, na wanawake wote wa Bukoba walikuwa wanaamka kuwakusanya kwenye nyasi zenye umande. Wanawanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vinachubuka, wanawakaanga kwa chumvi hadi nyumba nzima inanukia, halafu wanawaweka mbele ya wanaume na kujifuta mikono. Mwanamke hali senene. Wasichana huambiwa hivyo wakingali wanatambaa: ukila utazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka. Rwegasira aliyajua haya tangu utoto, na mwenyewe alikula senene wa mama yake, wa dada zake na wa mkewe bila kuwauliza kitu. Miaka ya mesi na meza za Wazungu ilikuwa imemfutia hata hilo. Jioni moja tu aliyopewa ya kumbembeleza mke wake, katika vyakula vyote vya dunia, amemletea kile ambacho mikono ya mwanamke huyo inajua kukiandaa na kinywa chake kinajua kukikataa.

Hakuwa na la kufanya. Aliwatunga vijitini, akawaweka juu ya makaa, akawa anawageuza. Kamba wa kijivu wakaanza kuwa wekundu, siagi ikadondoka mkaani, moshi wenye harufu ya ndimu na saumu ukajaza ua. Anatolia alivuta hewa puani, akajizuia.

Walipoiva, alimwekea Anatolia kiti mezani, ndani. Alileta ndizi zilizochemshwa, akapanga vijiti vya kamba juu ya jani la mgomba kwenye sahani ya bati, akakata ndimu vipande. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akaweka mikono mgongoni, akasimama.

Anatolia alitazama chakula. Alisubiri. Mwishowe akageuza shingo.

"Unamngoja nani huko nyuma?"

"Simngoji mtu."

"Sasa umesimama nini?"

Rwegasira alijitazama, akaona amesimama vile vile anavyosimama kwa Bwana, kidevu juu, anangoja wanaokula wamalize. Aliona aibu iliyomchoma masikio. Alivuta kigoda, akaketi upande wa pili wa meza, na alipoketi hakujua aiweke wapi mikono yake. Kwao wanaume walikula peke yao na wanawake wakala jikoni. Kwa Bwana alikula wima, makombo, kati ya supu na nyama. Kukaa uso kwa uso na mwanamke na meza moja katikati ni jambo alilokuwa ameliona sana, ila aliliona kutoka nyuma ya viti.

Anatolia alichukua kamba wa kwanza, akamnyonyoa miguu, akamvua gamba kwa kucha, safi kabisa, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Akamweka kwenye sahani nyingine, mbele ya mumewe. Akachukua wa pili.

"Hapana," alisema Rwegasira. "Nimekupikia wewe."

"Nami nimekuandalia. Kula."

"Kula wewe kwanza. Nakuapia si senene."

"Nimesikia." Aliendelea kumenya. Rundo lilikuwa linakua kwenye sahani ya mumewe, na kwenye yake mwenyewe kulikuwa na ndizi tupu. "Baba Alistidia, niambie kitu. Hawa walikuwa wa nani?"

Alimweleza. Alimweleza habari za mchumba, meli, mishumaa, na teke la kiti. Anatolia alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye vidole vyake.

"Na kama huyo bibi angefika?"

Rwegasira alikuwa na majibu mengi ya adabu. Kazi yake ilimfundisha kuyatunza mdomoni kama meno. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao unataka nguvu.

"Kama angefika ungelala," alisema. "Ningerudi nikukute umelala, na kesho ungepanda lori."

"Kwa hiyo mimi nimepata kwa sababu yeye amekosa."

"Ndiyo."

Anatolia alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyepimiwa mzigo akaambiwa uzito wake halisi. "Afadhali umesema," alisema, na akachukua kamba mwingine wa kumenya.

Hapo honi ya meli ikalia ziwani.

Ililia mara ya kwanza kwa mbali, ikalia tena, ndefu, ikazunguka vilima vya Bukoba. Meli iliyokuwa ije labda kesho, labda keshokutwa, ilikuwa imefika, na ndani yake alikuwamo mwanamke mwenye njaa ya safari. Rwegasira alimwona Bwana akiruka kutoka kitini, akiziita taa, akiita kanzu nyeupe. Alipozinduka alijikuta amesimama.

"Miguu yako imesikia kabla yako," alisema Anatolia.

Rwegasira alitaka kuketi. Magoti yalikataa. Ni jambo la kuhuzunisha, mtu mzima kubishana na magoti yake mbele ya mkewe. Alibaki hivyo hivyo, ameshika ukingo wa meza, anaona kabisa kwamba akitoka mlangoni amekwisha kumpoteza, na bado mwili unaelekea mlangoni. Anatolia hakumwambia nenda wala kaa. Alifuta vidole kwenye jani, akasubiri kuona.

Haikuchukua muda baiskeli ikasikika nje, breki zikalia, na Gamaliel akaingia bila kubisha hodi, anahema, kanzu ameifunga kiunoni. Gamaliel ndiye aliyekuwa akihudumia mezani pamoja na Rwegasira, Mlutheri mkimya, mtu wa Kishanda.

"Mmeshindaje, Mama Alistidia. Nisamehe, waitu." Akamgeukia Rwegasira. "Meli imefika. Bwana amekwenda gatini na gari. Amesema urudi upesi, na kamba urudi nao. Amesema wowote waliobaki." Macho yake yalishuka mezani, yakaona sahani iliyojaa, imemenywa tayari, haijaguswa. Uso ukamng'aa. "Bwana asifiwe! Hata hujaanza. Wanatosha kabisa."

Walitosha kweli. Mpishi ndani ya Rwegasira alikwisha kuwahesabu, akapanga atakavyowapasha moto kidogo juu ya mkaa, aongeze siagi, majani ya kotimiri juu, na bibi asingejua kitu. Mdomo wake ulifunguka. Neno lililokuwa linakuja lilikuwa "ndiyo," kama lilivyokuja miaka yote.

Anatolia aliivuta sahani ya mumewe.

Alichukua kamba mmoja, akamtazama, akafumba macho kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo, akamtia kinywani. Alitafuna. Akafumbua macho. Akachukua mwingine.

"Mama Alistidia!" Gamaliel alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. Yeye naye, akiwatazama, aliona senene. "Unafanya nini?"

Anatolia alikuwa anakula. Alikula kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, bila pupa wala kusita, kama mtu anayepalilia mstari wa maharage na ambaye hataondoka shambani mpaka aumalize. Siagi ilimtiririka kidevuni. Machozi nayo yalikuwa yanashuka, na hapakuwa na wa kusema kama yalikuwa ya pilipili au ya mambo mengine. Wanaume wawili walisimama wanamtazama. Wao wawili walikuwa wamesimama nyuma ya viti vya wanawake wengi wakila, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwafanya waogope namna hii.

Alipomaliza, aliigeuza sahani kidogo ili Gamaliel aione vizuri.

"Mwambie Bwana wameliwa."

"Nitamwambia wameliwa na nani?" Sauti ya Gamaliel ilikuwa ya kuomba.

"Na mke wa mpishi."

Gamaliel aliacha kuitazama sahani. Akamgeukia Rwegasira, kwa sababu kamba hata wakiisha, mpishi angeweza kukaanga samaki, kupika supu, kusimama na mshipi mwekundu. "Na wewe je? Twende, ndugu yangu. Wamekwisha kushuka melini sasa hivi. Nimwambie nini?"

Rwegasira alimtazama mkewe. Anatolia hakumtazama. Alikuwa ameweka mikono yake yenye mafuta juu ya meza, viganja juu, imechubuka ncha za vidole, imechoka. Ilikuwa imechoka kuliko miguu yake yeye. Jambo hilo lilikuwa geni kwake na lilimwumiza kifuani, kwa sababu alikuwa amejiona miaka yote kuwa yeye peke yake ndiye anayerudi nyumbani akiwa amechoka, wakati mwenzake alikuwa amechoka papo hapo nyumbani, hana pa kurudi.

Aliketi. Alifanya hivyo kwa kushika meza kwa mikono miwili, kama mzee, na kigoda kikalia chini yake.

"Mwambie nimechoka," alisema.

"Nimwambie unaumwa?"

"Siumwi. Mwambie nimechoka."

"Atakufukuza, Rwegasira."

"Najua."

Gamaliel alisimama kidogo, akatazama sahani tupu, akatazama nyuso zile mbili. Kisha aliaga kwa sauti ndogo, akatoka. Baiskeli yake ikasikika ikiteremka mlima kwa kasi, halafu haikusikika tena.

Mkaa ulikuwa unakufa kule mlangoni. Rwegasira hakujisikia shujaa hata kidogo. Alikuwa na hofu ya kesho, na mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Alimsogezea mkewe ndoo ya maji ya kunawa. Anatolia alinawa, akajipangusa kidevu kwa upindo wa kanga, akanyoosha ulimi juu ya meno yake akiwaza.

"Walikuwaje?" aliuliza Rwegasira.

Anatolia alilifikiria swali, akiwa amekunja uso.

"Ndimu imezidi," alisema. "Mara nyingine upunguze."

Rwegasira aliitika kwa kichwa. Alitaka kueleza kuwa si yeye, kuwa walilala kwenye ndimu kupita kiasi kwa sababu ya kumngoja mtu, lakini lile neno "mara nyingine" lilikuwa limekwisha kumfikia. Aliegemeza paji la uso juu ya meza, kati ya sahani na ndizi zilizopoa, akalia bila sauti. Anatolia alimwacha alie. Kisha aliisogeza sahani ya ndizi karibu naye, akamega kipande, akaanza kula, akamwambia naye ale kabla hazijawa baridi kabisa.